Anayesoma kutoka Benchi la Nyuma: Uteuzi wa Fonti za Slaidi kama Suala la Uhakiki

Utangulizi

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kuona jarida la uhakiki wa fasihi likitoa kurasa zake kwa jambo la fonti. "Hayo si mambo ya watu wa kompyuta?" aliniuliza mwenzangu wa bwenini nilipomwambia ninachoandika. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe, kabla sijaenda Kibondo kwa mazoezi ya kufundisha, ningeuliza vilevile. Niliamini kwamba kazi ya mwanafunzi wa fasihi ni dhamira, migogoro, wahusika na mafunzo, na kwamba herufi za kwenye slaidi ni mapambo tu, kama vile mtu anavyochagua kitambaa cha meza.

Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Nitaeleza namna ya kuchagua fonti za slaidi, hususan slaidi za Kiswahili na za lugha zetu nyingine, na nitajaribu kuthibitisha kwamba uteuzi huo ni sehemu ya fani ya kazi tunayoiwasilisha. Zaidi ya hayo, nitadai kwamba anayechagua fonti anachagua nani ndani ya chumba ataruhusiwa kusoma na nani atabaki mtazamaji. Lakini kwanza sina budi kukiri kosa langu mwenyewe, maana huko ndiko somo lenyewe lilikoanzia.

Kisa cha Kibondo

Shule niliyopangiwa ilikuwa wilayani Kibondo. Sitaitaja jina, kwa kuwa kosa halikuwa la shule bali langu. Ilikuwa na projekta moja, nami nilikuwa na kompyuta yangu mpakato. Basi bwana, nikaona hapa ndipo pa kuonyesha kwamba nimetoka chuo kikuu. Darasa lilikuwa la kidato cha tatu na mada ilikuwa uhakiki wa ushairi. Nilitunga shairi la beti nne juu ya binti anayesomea kibatari usiku baada ya kazi zote za nyumbani. Nikaliita "Ng'ara".

Nililiandika kwenye slaidi kwa fonti ambayo ilinipendeza sana: herufi nyembamba zilizojikunja na kutambaa kama mmea wa maboga. Kichwa cha shairi nilikiweka chote kwa herufi kubwa, na neno hilohilo lilianza kila kibwagizo. Kwa makusudi sikulisoma shairi kwa sauti. Nilitaka wanafunzi walisome wenyewe kimyakimya, kisha waandike linahusu nini. Madirisha hayakuwa na mapazia, na ukuta wa chokaa ndio uliokuwa skrini yetu.

Majibu yalinishangaza. Zaidi ya nusu ya darasa waliandika kwamba shairi linahusu Ngara. Ndiyo, Ngara ile wilaya ya mkoa wa Kagera, ambayo kwa mtu wa Kibondo ni jirani wa upande wa kaskazini, ng'ambo ya Kakonko. Mmoja aliandika kwamba mshairi anawaaga ndugu zake kwa sababu anahamia Ngara. Mwingine, kwa ujasiri kabisa, aliandika kwamba mshairi anaiasa Ngara iamke, isibaki nyuma kimaendeleo. Nilichukua kalamu nyekundu nikapiga mikasi. Kwenye andalio la somo, mahali pa maoni ya mwalimu, niliandika: "Wanafunzi hawana msingi wa ushairi."

Kipindi kilipokwisha nilikwenda nyuma ya darasa kufunga dirisha. Projekta ilikuwa bado inawaka. Nikageuka, nikatazama ukutani, nikasoma: NGARA. Nikafikicha macho, nikasoma tena: NGARA. Ile alama ndogo ya ritifaa, ambayo mbele ya kompyuta niliiona bila shida, kutoka benchi la nyuma haikuwepo. Mwanga wa dirishani ulikuwa umeimeza pamoja na miguu myembamba ya herufi nyingine nyingi.

Msichana mmoja alikuwa bado anafunga daftari lake. Nilimwuliza, "Wewe ulisoma nini pale?" Akanijibu kwa adabu, "Ngara, mwalimu. Kule yanakokwenda mabasi." Nikamwuliza kwa nini hawakusema kwamba hawaoni vizuri. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Tulijua tumeona, mwalimu."

Jibu hilo bado linanisumbua. Asiyeona kabisa huweza kulalamika. Aliyeona kitu kingine hana la kulalamikia, maana anaamini kwamba amesoma. Wanafunzi wale walikuwa wamehakiki kwa uaminifu matini iliyokuwa mbele yao, na matini hiyo ilihusu Ngara. Mkosaji alikuwa mimi, niliyewapa matini moja na kuwasahihisha kwa nyingine.

Kesho yake niliandika shairi lilelile ubaoni kwa chaki, kwa mwandiko wa kawaida wa mwalimu wa shule ya msingi. Mvulana mmoja wa benchi la nyuma, ambaye jana nilimpa sifuri, alisema kwamba katika shairi hilo si binti anayekitazama kibatari, bali kibatari ndicho kinachomtazama binti na kumwona wakati ambapo hakuna mtu mwingine anayemwona. Nililitunga mimi, lakini hilo sikuwa nimeliona. Nilifuta alama za jana na nikakata kwa mstari yale maoni yangu kwenye andalio la somo. Ningeondoka bila kugeuka kutazama ukuta, maoni hayo yangebaki pale kama ushahidi dhidi ya watoto wa watu.

Fani, maudhui na umbo la herufi

Katika madarasa yetu ya fasihi tunafundishwa mifano miwili juu ya uhusiano wa fani na maudhui. Wapo wanaosema fani ni kikombe na maudhui ni chai: unaweza kubadilisha kikombe na chai ikabaki chai. Na wapo wanaosema fani na maudhui ni kama pande mbili za sarafu moja, huwezi kuutoa mmoja ukabaki na sarafu. Wengi wetu kwenye mtihani hujibu kwa kutumia mfano wa sarafu, kisha tukifika kwenye slaidi tunarudi kwenye kikombe. Tunasema: "Aa, herufi si hoja, muhimu ujumbe ufike." Lakini ujumbe unafika kwa usafiri gani?

Hebu tulinganishe njia tatu za kuifikia kazi ya fasihi. Katika fasihi simulizi, mtambaji anaiona hadhira yake, na wazee wa nyuma wakilalamika kuwa hawasikii hupandisha sauti. Katika kitabu, msomaji mwenyewe ndiye mwenye mamlaka: herufi zikiwa ndogo atakisogeza karibu, akichoka atawasha taa, asipoelewa atarudia ukurasa. Slaidi haina uhuru wa kwanza wala wa pili. Msomaji wa slaidi ameamuliwa umbali wake na mpangilio wa viti, ameamuliwa mwanga wake na madirisha, na ameamuliwa muda wake na mtu aliyeshika kitufe. Kitu pekee kinachoweza kumfidia ni herufi yenyewe. Ndiyo maana nasema fonti ya kitabu na fonti ya slaidi ni mambo mawili tofauti, hata kama yanakaa kwenye orodha moja ndani ya kompyuta.

Herufi tunazozitumia zilitoka wapi?

Kila fonti ilizaliwa kwa kazi fulani, na kuijua kazi hiyo husaidia kuichagua. Tuchukue Times New Roman, ambayo wengi wetu tunailazimika katika tasnifu. Ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London na kuanza kutumika mwaka 1932. Gazeti lina safu nyembamba na linasomwa likiwa mkononi, kwa hiyo herufi zake zilibanwa ili maneno mengi yaingie. Zina vijiguu mwishoni mwa mistari, na baadhi ya mistari yake ni myembamba sana kulinganisha na mingine. Juu ya karatasi, wino unaishika ile mistari myembamba. Juu ya ukuta wenye mwanga wa dirisha hakuna wino, kuna mwanga unaopigana na mwanga, na mstari mwembamba ndio unaokufa kwanza.

Verdana ilikuja mwaka 1996, kazi ya Matthew Carter kwa ajili ya kampuni ya Microsoft. Hii ilikusudiwa skrini tangu mwanzo. Herufi zake ndogo zina vimo virefu, zimeachiana nafasi, na zile zinazofanana zimetenganishwa kwa makusudi. Calibri, kazi ya Lucas de Groot, iliwekwa kuwa chaguo la kuanzia katika programu za Microsoft Office mwaka 2007, na tangu mwaka 2023 nafasi yake ilianza kuchukuliwa na Aptos. Hapo pana jambo la kutafakari: mamilioni ya watu wanaotumia fonti hizo hawakuzichagua. Walizikuta. Fonti ya kukutwa inaweza kuwa nzuri, lakini si uteuzi.

PowerPoint yenyewe ilianza kuuzwa mwaka 1987, na wakati huo kazi yake kubwa ilikuwa kutayarisha karatasi angavu za kuwekwa juu ya mashine ya kumulika ukutani. Kabla ya hapo wahadhiri wengi waliziandika kwa mkono, kwa kalamu nene za wino. Kalamu hiyo haikuweza kuandika herufi ndogo wala nyembamba, hivyo unene wake wenyewe ulimlinda msomaji wa nyuma. Kompyuta ilituondolea kizuizi hicho, na pamoja nacho ikatuondolea kinga.

Wapo pia wanaodhani kwamba suala hili ni la heshima tu: kwamba kuna fonti za wasomi na fonti za watoto. Tarehe 4 Julai 2012, huko CERN karibu na Geneva, mwanafizikia Fabiola Gianotti alitangaza matokeo ya utafiti wa chembe ya Higgs kwa slaidi zilizoandikwa kwa Comic Sans, fonti ya mwaka 1994 ambayo wengi huidharau kuwa ya kitoto. Watu walicheka fonti, lakini chembe haikubatilika. Mimi sisemi tuige. Nasema tu kwamba swali la kwanza lisiwe "fonti hii ina hadhi gani?" bali "aliyeko nyuma anaisoma?"

Matatizo ya Kiswahili chenyewe

Ushauri mwingi juu ya fonti umeandikwa kwa kufikiria Kiingereza. Utaambiwa, kwa mfano, ujihadhari na herufi r na n zikikaribiana zisije zikaonekana kama m. Ushauri mzuri, lakini Kiswahili hakina haja nao sana, maana r na n kwetu hazikutani ovyo. Tuna matatizo yetu, na nitayataja manne.

La kwanza ni king'ong'o. Herufi mbili za ng' zina alama moja ndogo inayobeba maana nzima. Ng'ara si Ngara. Ng'oa ni kuondoa kitu na mizizi yake, ilhali ngoa ni tamaa au wivu, kama tunavyosema mtu amekata ngoa. Kabla ya kuchagua fonti, andika maneno hayo mawiliwili, herufi ndogo na herufi kubwa, uyatazame kwa mbali. Katika baadhi ya fonti ritifaa ni kijiti chembamba tu, katika nyingine ina kichwa kinene na mkia. Chagua yenye kichwa. Halafu, jamani, tuache kuweka alama ya mkazo mahali pa ritifaa, kwani huelea mbali na herufi na kulivunja neno. Na kama slaidi ina nukuu, tumia alama za mtajo mbilimbili, si mojamoja, ili macho yasichanganye mwisho wa nukuu na king'ong'o.

La pili ni neno "Ili" na jamaa zake wote: Ilikuwa, Ilipofika, Ilhali. Sentensi zetu ngapi huanza hivyo! Katika Arial, herufi kubwa I na herufi ndogo l karibu ni kitu kimoja, kwa hiyo "Ili" huwa vijiti vitatu, cha mwisho kimevaa kofia. Verdana na Tahoma zimeipa I kubwa vijiguu juu na chini, na tatizo linakwisha. Kwa mtu anayewasilisha kwa Kiswahili, hii peke yake ni sababu ya kutosha ya kuzifikiria.

La tatu linawahusu hasa wanafunzi wa ushairi. Shairi la kimapokeo lenye mizani kumi na sita lina vipande viwili vya mizani nane nane, ukwapi na utao, na umbo hilo ni la macho pia. Nimejitungia mshororo huu kwa mfano: "Mwalimu alituonya, herufi nyembamba mno." Mizani ni nane kwa nane. Ukihesabu herufi, nafasi na mkato (kituo cha mwisho sikukihesabu), utapata 39. Tukikadiria kwamba kwa wastani kila moja inachukua upana wa nusu ya saizi ya fonti, basi kwa saizi 28 mshororo huo unahitaji kama sentimita 19. Slaidi ya umbo la zamani ina upana wa sentimita 25.4. Ukitoa pambizo, mshororo unaingia. Ukipanda hadi saizi 40, unahitaji sentimita 27 na zaidi. Hapo kompyuta haitakuuliza. Itaukata mshororo na kuishusha sehemu yake ya mwisho chini peke yake, na mwanafunzi ataiona kama mshororo wa tano. Utakuwa umegeuza tarbia kuwa kitu kisicho na jina. Fonti pana kama Verdana hufikia mpaka huo mapema zaidi. Kwa hiyo fonti, saizi na mizani vipimwe pamoja, na ubeti mmoja ukae katika slaidi moja.

La nne lilimpata rafiki yangu wa idara ya isimu, aliyekuwa akiwasilisha juu ya Kiha, lugha iliyo nyumbani kwetu Kibondo na Kasulu. Kiha ni lugha ya toni, na wanaisimu huweka alama za toni juu ya irabu. Kwenye kompyuta yake alama zilikaa sawasawa. Kwenye kompyuta ya ukumbini, ambayo haikuwa na fonti aliyotumia, baadhi ziligeuka visanduku vitupu na nyingine zikahamia kando ya irabu. Hoja yake nzima ilikuwa toni, na toni ndiyo iliyopotea. Zipo fonti zilizotengenezwa kwa kuzingatia mahitaji hayo, na hutolewa bure na shirika la SIL: Charis, Doulos, Gentium na Andika. Hii ya mwisho, jina lake ni neno letu hasa. Ilibuniwa kwa ajili ya watu wanaoanza kusoma, kwa hiyo herufi zake ziko wazi, na a yake inafanana na ile tunayofundishwa kuiandika darasa la kwanza, duara na kijiti, si ile a ya vitabuni yenye kigongo juu. Ndiyo fonti ninayoitumia sasa kwa slaidi zangu.

Somo la Kasulu

Nilipomaliza mazoezi nilipitia Kasulu kwa mjomba wangu, mwalimu mstaafu. Nilimsalimia, "Shikamoo, mjomba," na kabla hata chai haijamiminwa nikamsimulia aibu yangu yote. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Mpwa wangu," akasema, "sisi tulikuwa na manila na kalamu nene. Herufi ya manila ilikuwa inapimwa kwa mtoto mmoja tu: yule wa benchi la nyuma anayeona haya kusema haoni."

"Mlimjuaje, mjomba, kama hasemi?"

"Hatukumjua. Tulikwenda kukaa mahali pake."

Mchana alinichukua hadi sokoni. Alinionyesha fundi wa mabango aliyekuwa juu ya ngazi akiandika jina la duka ukutani. Fundi yule alichora kwanza kwa chaki, akashuka, akavuka barabara, akatazama, akarudi kufuta herufi mbili na kuzinenepesha. Mjomba akamwuliza kwa nini anajichosha namna ile. Akajibu bila kugeuka, "Mzee, mteja wangu yuko barabarani, hayuko hapa kwenye ngazi."

Nilisimama pale nikawaza juu yangu mwenyewe, niliyetengeneza slaidi zote nikiwa juu ya ngazi. Nilitazama mabango mengine: herufi nene, nafasi ya kutosha, rangi nyeusi au ya buluu juu ya ukuta mweupe, maneno machache. Mengi yalikuwa kwa herufi kubwa tupu, na hilo linafaa kwa maneno mawili matatu. Lakini tusilihamishe kwenye aya nzima, maana herufi kubwa zote zina kimo kimoja, na neno linakosa yale mapanda na mashuko yake.

Namna ya kuchagua

Kutokana na hayo yote, napendekeza utaratibu huu, ambao hauhitaji hata projekta.

(a) Anza na maneno yako magumu. Usiijaribu fonti kwa jina lako wala kwa neno zuri. Iandikie ng'oa na ngoa, Ili na Ilikuwa, na alama za toni kama unazo. Fonti ikishindwa hapo, iache, hata kama inapendeza.

(b) Tafuta mistari yenye unene unaolingana. Vijiguu si dhambi. Kasoro ni wembamba. Fonti za kujikunja ziwekee kadi za harusi.

(c) Pima kwa umbali. Kadiria kimo cha picha itakayokuwa ukutani na umbali wa kiti cha mwisho. Tuseme picha ina kimo cha sentimita 120 na kiti cha mwisho kiko mita 9.6: umbali ni mara nane ya kimo. Sasa ifungue slaidi ijae kioo cha kompyuta yako. Kama kimo cha picha hapo ni sentimita 17, zidisha kwa nane, utapata sentimita 136. Simama umbali huo na usome. Unachokiona ndicho atakachokiona mtu wa nyuma, tena yeye atakuwa na mwanga wa dirisha wa kumsumbua. Usipoweza kusoma bila kukaza macho, ongeza saizi au punguza maneno. Ukiweza, punguza maneno kwanza.

(d) Chumba kisicho na mapazia kidai herufi nyeusi juu ya weupe. Herufi nyeupe juu ya giza hupendeza chumbani kwako usiku, lakini saa sita mchana lile giza linageuka kijivu na herufi zinazama humo.

(e) Fonti mbili zinatosha, na moja inatosha zaidi. Unapotaka kusisitiza neno la mshairi, linenepeshe. Usilibadilishie fonti, kwa sababu hadhira itadhani mabadiliko hayo ni ya mshairi.

(f) Safiri na fonti yako. Iambatishe ndani ya faili, au hifadhi nakala ya PDF kwenye flashi. Kompyuta ya ukumbini haina wajibu wa kuwa na fonti zako.

Pingamizi

Najua yatakuja mawili. La kwanza: kwa nini usiwape nakala za karatasi ukamaliza? Pale zinapowezekana, ni vyema sana. Lakini karatasi ina gharama, na shuleni kwetu wanafunzi wengi huishia kusoma juu ya bega la mwenzao. Na hata hivyo, ubao wangu wa chaki ulifaulu siku ya pili bila karatasi hata moja, jambo linaloonyesha kwamba tatizo halikuwa kusoma kwa mbali. Tatizo lilikuwa herufi zisizomjali aliye mbali.

La pili ni zito zaidi: je, hatuwapotoshi wanafunzi wa fasihi kwa kuwashughulisha na vitu vya juujuu? Jibu langu ni kwamba mhakiki huanza kwa kuthibitisha matini. Tunapohakiki shairi lililoandikwa zamani kwa hati za Kiarabu, hatuoni aibu kutumia saa nzima kuuliza kama nukta ni moja au mbili, maana nukta hubadilisha herufi na herufi hubadilisha shairi. Ritifaa iliyopotea ukutani ni suala lilelile. Tofauti ni kwamba nakala hii mbovu tumeitengeneza wenyewe, jana usiku, na hatuna mnakili wa karne iliyopita wa kumlaumu.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba fonti ya slaidi ni fani, na kwamba kwa kuwa msomaji wa slaidi hawezi kuisogeza matini karibu naye, mwenye slaidi hana budi kuisogeza kwa niaba yake. Vigezo vya kufanya hivyo vitoke kwenye lugha inayoandikwa: king'ong'o chake, mizani yake, toni zake. Visitoke kwenye mazoea ya lugha nyingine wala kwenye orodha tuliyoikuta.

Lile andalio la somo la Kibondo ninalo mpaka leo. Mstari nilioukata bado unasomeka chini ya wino: "Wanafunzi hawana msingi wa ushairi." Nimeuacha hivyo makusudi. Mwezi ujao wengi wetu tutapanda mbele ya semina, na wahadhiri watakaa viti vya mbele kama kawaida yao. Naomba kabla hatujaanza, kila mmoja aende akakae dakika moja benchi la nyuma kabisa, asome slaidi yake mwenyewe. Nawakaribisha wasomaji, na hasa ndugu zangu wa isimu, wanikosoe nilipokosea.